Mto Ngong: mvua ya Dagoretti, mafuriko ya Mukuru

Hamjambo ndugu zangu. Nimeombwa nizungumze kuhusu mto wetu huu, na nitaanzia mbali kidogo na mtaa wetu huu wa Mukuru, kwa sababu maji yanayotutoa vitandani usiku mara nyingi ni mvua iliyonyesha Dagoretti.

Ardhi ya Nairobi imeinama. Magharibi kuna miinuko ya ukingo wa Bonde la Ufa, mashariki kuna tambarare za Athi. Ndiyo maana mito ya Mathare, Nairobi na Ngong yote hushuka kuelekea mashariki. Wetu huanzia upande wa Dagoretti ukiitwa Motoine, ukapita msitu wa Ngong na ukingo wa kusini wa Kibera, kisha ukaingia Bwawa la Nairobi. Ukitoka pale ndipo unaitwa Ngong. Mwisho wake nautaja upesi: unaungana na Mto Nairobi upande wa Njiru, nao unamwaga Athi, na maji hayo hufika baharini kwa jina la Sabaki, kaskazini mwa Malindi.

Ila bwawani tukae kidogo. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa. Wazee mtakumbuka mashua za matanga pale! Leo ukisimama kwenye tuta unaona gugu maji, na chini yake matope na taka. Bwawa lenye nafasi huipokea mvua kubwa na kuiachia polepole. Likijaa tope, maji huingia na kutoka vilevile, nasi wa huku chini ndio tunaoyapokea. Watu hulaumu mvua. Mimi naanza na lile tope.

Tena kuna udongo. Dagoretti ni mwekundu, hunywa maji, ingawa siku hizi umefunikwa na saruji. Huku kwetu ni ule mweusi unaoganda viatuni: ukilowa huvimba, maji hayapenyi. Mteremko nao umekwisha, na kuanzia Viwandani kingo zimebanwa na kuta za maghala na mabati yetu. Yaende wapi?

Baada ya mafuriko ya 2024, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 za mto zilibomolewa. Sikatai, mto unahitaji nafasi. Lakini kubomoa Mukuru hakutoi hata karai moja la tope bwawani, na kazi hiyo ndiyo ningetaka tuidai kwanza.

Mzee uliyeinua mkono, karibu uulize.