Kubana Picha za Albamu ya Babu

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na kwingineko. Leo tunazungumzia picha zilizohifadhiwa bila kubanwa, hasa za aina ya faili iitwayo BMP, na namna ya kuzigeuza ziwe nyepesi. Kaka Salum, nakumbuka ulikuja hapa na flashi iliyojaa.

SALUM: Ilijaa kweli, dada Rehema. Niliazima albamu ya marehemu babu kutoka kwa shangazi aliyeko Tanga, nikaipeleka steshenari moja Kariakoo, na picha 40 zikarudi zote zikiwa BMP. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, ina pikseli, yaani vinukta vya rangi, 2,400 kwa 3,600. Na kwa kuwa kila pikseli huandikwa kwa baiti 3, yaani moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, picha moja hufikia karibu megabaiti 26. Zote 40 zilipita gigabaiti moja, na binamu yangu wa Mwanza alitaka kuzipokea kwa simu yenye bando dogo.

REHEMA: Ndipo ukazigeuza kuwa JPEG, aina ya faili inayobana picha.

SALUM: Zote kwa mkupuo, kwa kiwango cha chini kabisa cha ubora, kisha nikafuta zile za BMP. Nyuso zilionekana vizuri. Lakini nyuma ya picha mojawapo babu alikuwa ameandika kwa wino majina ya watu waliosimama naye, na upande huo nao uliskaniwa. Nilipoukuza, kila herufi ilikuwa imezungukwa na vumbi la kijivu, na jina la tatu halisomeki. Liliniuma sana.

REHEMA: Pole sana, kaka. JPEG, ambayo kiwango chake kilitoka mwaka 1992, hukata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila mraba hutupa mabadiliko madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Rangi ndiyo inayopunguzwa zaidi, kwa kuwa jicho la binadamu hutofautisha mwanga na giza vizuri kuliko linavyotofautisha rangi. Kwenye shavu la mtu huoni pengo lolote. Kwenye wino, ambapo nyeusi inakutana na nyeupe ghafla, ndipo vumbi hilo linapojitokeza. Na kilichotupwa hakirudi: ukiigeuza tena kuwa BMP, faili litanenepa tu.

SALUM: Je, ningetumia PNG?

REHEMA: Kwa upande ule wa maandishi, naam. PNG, iliyopo tangu 1996, haitupi kitu; sehemu za karatasi zinazojirudia huzieleza kwa kifupi, na ukifungua faili unazipata pikseli zilezile. Kwa sababu hiyo hati ya kiwanja au cheti cha kuzaliwa mimi sikigeuzi kuwa JPEG kamwe. Picha za watu, hata hivyo, hazipungui sana zikiwa PNG, maana ngozi na vivuli havijirudii sawasawa. Hizo nazigeuza kuwa JPEG kwa ubora wa 85 au 90 kati ya 100.

SALUM: Kuna wanaofuta herufi za BMP mwishoni mwa jina na kuandika JPG.

REHEMA: Hiyo hubadilisha jina peke yake, na uzito unabaki uleule. Lazima uifungue picha katika programu, hata Paint inatosha, kisha uihifadhi upya kwa kuchagua aina nyingine ya faili. Ukitaka kuirekebisha baadaye, anzia kwenye BMP, kwa sababu JPEG ikirekebishwa na kuhifadhiwa tena na tena hupoteza kidogo kila mara. Albamu yenyewe iko wapi sasa?

SALUM: Nilimrudishia shangazi. Jumamosi napanda basi la Tanga kwenda kuiomba tena, na safari hii BMP zitabaki kwenye diski ya nje hata baada ya binamu kupata zake.