Kredi 150: Piga Hesabu Kabla Hujalipa Ada ya CPA

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Mimi Zuhura, niko Houston, Texas.

BARAKA: Na mimi Baraka, Columbus, Ohio, huku baridi haijatuachilia. Swali la leo: mtu katoka nyumbani na shahada yake ya uhasibu, anataka CPA ya Marekani, yaani leseni ya mhasibu. Aanzie wapi?

ZUHURA: Aanze kujihesabu mwenyewe. Tunakimbilia kununua vitabu vya mtihani wakati hatujui hata kama bodi ya jimbo, inayotoa leseni, itatupokea.

BARAKA: Kwani mtihani si ndio mlima?

ZUHURA: Ni mlima, sikatai. Sehemu nne, na kila moja lazima upate 75. Lakini kabla ya leseni, bodi ya jimbo inauliza umesoma nini na kwa kiasi gani. Kwa miaka mingi jibu limekuwa kredi 150, yaani vipimo vya masomo uliyosoma chuoni. Na shahada ya hapa ni kredi 120, kwa hiyo hata Mmarekani mwenyewe anamaliza chuo akiwa na upungufu wa 30.

BARAKA: Florida ndiyo iliyoanza kuitekeleza hiyo, mwaka 1983. Majimbo mengine yakafuata mdogo mdogo.

ZUHURA: Sasa tuangalie mimi na wewe. Wewe umesoma Kenya.

BARAKA: Miaka minne. Tathmini, yaani kupima vyeti vyetu kwa kipimo cha hapa, ikanipa kredi 120 kasoro chache.

ZUHURA: Mimi Tanzania, miaka mitatu. Karatasi ikaja imeandikwa 90 na ushei! Niliisoma nikiwa kwenye gari, nikaigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa wa pili.

BARAKA: Pole sana dada. Na ulikuwa umeshaanza kulipia masomo ya mtihani?

ZUHURA: Usinikumbushe. Ndiyo maana nasema tathmini ya vyeti itangulie. Ila kwanza uliza bodi ya jimbo lako inakubali tathmini ya nani. NASBA, chama kinachounganisha bodi za majimbo, kina huduma yake inaitwa NIES, lakini si kila jimbo linafuata utaratibu mmoja. Na matokeo yako ya chuo yatumwe na chuo chenyewe. Nakala uliyoitunza kabatini haisaidii.

BARAKA: Hapo ndipo penye kazi. Chuo changu kilinizungusha miezi minne. Ikabidi shangazi aende mwenyewe kuketi pale kwa msajili na chupa yake ya chai.

ZUHURA: (anacheka) Shangazi anastahili nusu ya leseni.

BARAKA: Kabisa. Haya, ukishajua pengo lako unalizibaje? Wengi wanadhani lazima shahada ya uzamili.

ZUHURA: Si lazima, na hapo ndipo watu wanapojitia kwenye madeni bure. Bodi inatazama vitu viwili: jumla ya kredi, halafu ndani yake masomo fulani ya uhasibu wa ngazi ya juu na ya biashara. Jumla unaweza kuijaza hata kwa masomo ya kawaida kwenye vyuo vya jamii, ambako ada ni nafuu. Mimi nimesoma mpaka historia ya Texas! Lakini ukaguzi wa hesabu, kodi, uhasibu wa ngazi ya juu, hivyo usivichukue popote tu. Uliza bodi kwanza, na jibu lije kwa maandishi. Hapa Texas kuna na somo la maadili, kredi tatu, na lazima liwe limeidhinishwa na bodi yenyewe.

BARAKA: Sasa mimi nina habari njema za huku. Januari 2025 gavana wa Ohio alisaini sheria: kuanzia Januari 2026 mtu mwenye shahada ya kwanza, miaka miwili ya kazi na mtihani aliofaulu, anapata leseni bila kuhangaika na 150.

ZUHURA: Hongereni. Ila ngoja, kaka. Shahada ya kwanza kwa kipimo cha nani?

BARAKA: Ehee.

ZUHURA: Maana mimi mwenye 90 na ushei naweza kuambiwa shahada yangu haijalingana na ya kwao. Hiyo miaka miwili ya kazi hainifikishi popote kama mlango wa kwanza umefungwa.

BARAKA: Kweli. Sheria imewaondolea watu zile 30 za juu, pengo la chini limebaki palepale. Na walio na CPA ya Kenya au ya Tanzania tayari?

ZUHURA: Marekani ina makubaliano ya kutambuana na nchi chache, Kanada, Australia, Afrika Kusini. Zetu hazimo. Kwenye kuomba kazi cheti kile kinakubeba, usikifiche. Kwenye leseni, unapanga foleni na sisi.

BARAKA: Wewe umebakiza ngapi?

ZUHURA: Sita. Masomo mawili, jioni, baada ya kulaza watoto.

BARAKA: Basi tukuache ukasome.

ZUHURA: Leo ni kodi ya mashirika. Niombeeni.