Walionana au Hawakuonana?

Ahsanteni kwa kubaki. Nasema kubaki kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma nikawahesabu waliotoka: saba. Wa mwisho alinyanyuka zikiwa zimesalia kama dakika kumi tu. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka, akaiangalia skrini kidogo, ndipo akaenda zake. Huyo ningependa sana kuzungumza naye.

Tuliyoitazama ni L'Année dernière à Marienbad, yaani Mwaka Jana huko Marienbad, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1961. Aliyeiongoza ni Alain Resnais, mswada ukaandikwa na Alain Robbe-Grillet. Kisa chake, kama kipo, ni hiki: ndani ya hoteli ya kifahari mwanamume anamwambia mwanamke kwamba walikutana mwaka jana wakaahidiana kuondoka pamoja. Mwanamke hakumbuki. Mwanamume hachoki kumkumbusha. Kuna na mwanamume wa pili, pengine mumewe, pengine siye. Majina hawana, kwenye mswada ni herufi tu: X ni yule mwanamume wa kwanza, A mwanamke, na M mwanamume wa pili. Hata mji wenyewe wa Marienbad unatajwa kama mojawapo ya mahali ambapo huenda walikutana, na picha zilipigwa kwenye makasri ya Bavaria, Ujerumani.

Mwaka uleule ilipewa Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice. Mwaka 1978 ikaingizwa katika kitabu kimoja cha Marekani kilichoorodhesha filamu hamsini mbovu kuliko zote. Ni ileile, haikukatwa wala kuongezwa kitu.

Taa zilipowaka nimewasikia wawili mbele yangu. Mmoja kasema, "Hii haina kichwa wala miguu." Mwenzake kamjibu, "Hukuielewa." Nikatega sikio, maana ukimwambia mtu hakuelewa, sharti wewe uwe umeelewa na umweleze. Akamweleza hivi: "Ina kina sana." Basi. Ndugu zangu, kwa ugomvi huo mimi niko upande wa yule wa kwanza. Watetezi wa filamu za namna hii wamezifukuzia watu wengi kuliko filamu zenyewe.

Na malalamiko yake yana msingi. Sisi tunajua kitendawili kinavyokwenda. Mtu anatega, tunahangaika, tukishindwa tunampa mji. Akishaupokea ana deni: lazima atoe jibu. Anayechukua mji kisha akanyamaza, ametudhulumu. Mtazamaji amekaa dakika 94, ametoa mji zamani, na skrini imezima bila jibu. Asinung'unike kwa nini?

Haya, twendeni kwa wategaji wenyewe. Filamu ilipotoka, watu waliwauliza swali hilohilo: hawa wawili walionana mwaka jana, au hawakuonana? Robbe-Grillet akasema hawakuonana. Resnais akasema walionana. Hao ndio walioitengeneza! Mmoja aliandika karibu kila mwendo wa kamera, mwingine akaufuata mswada kwa uaminifu mkubwa, kumbe kila mtu alikuwa akitengeneza filamu yake. Wapo wanaodhani walifanya hivyo kuvuta wateja, na inawezekana, hawakuwa malaika. Lakini hata ikiwa hivyo, utalidai jibu kwa nani?

Nadhani ndipo tulipopotea njia. Tumekiita kitendawili kitu ambacho si kitendawili.

Niwarudishe bustanini. Mnaikumbuka picha ile, njia pana, watu wamesimama hapa na pale wameganda. Kila mmoja ana kivuli kirefu cheusi, lakini miti iliyopangwa kando yake haina vivuli. Siku ile anga lilikuwa na mawingu, kwa hiyo vivuli vya watu vilipakwa rangi chini. Jambo la kifundi tu, ukipenda. Ila nimewauliza wengi walioiona filamu hii, na ni mmoja mmoja sana anayetambua kasoro iko wapi. Wengi wanasema, "Pale bustanini niliingiwa na baridi, sijui kwa nini." Jicho limeona, kichwa hakijaambiwa. Huyo hajaikosa filamu. Amepata alichoandaliwa, tena mapema kuliko mimi niliyekwenda kutafuta habari za rangi.

Halafu kuna sanamu: mwanamume, mwanamke na mbwa. X anakumbusha walivyobishana mbele yake. Yeye alisema yule mwanamume ameona hatari, anamzuia mwanamke asiendelee. A akasema hapana, mwanamke ndiye aliyeona kitu, kitu cha ajabu, anakionyesha. Wanabishana hivyohivyo, na kwa kweli huo ndio wakati pekee wanapoonekana wako hai. Kisha anatokea M, mrefu, uso mkavu, anaomba radhi na kuwasahihisha: huyo ni mfalme Charles wa Tatu na mkewe, tukio ni la kiapo, na mavazi ya kale ni desturi tu ya wachongaji. Jibu limetoka. Nanyi mliona ilivyokuwa: mazungumzo yalikufa palepale. Ugomvi wetu wote wa leo umo ndani ya filamu, na anayetoa jibu ndiye mtu ambaye hakuna anayetaka kukaa naye meza moja.

Sisemi kila kinachotatanisha kina thamani. Zipo filamu zilizovurugwa kwa sababu mwongozaji hakuwa na la kusema, na mimi nimeshapoteza jioni kadhaa kwa hizo. Namna yangu ya kuzipima ni rahisi. Wiki moja baadaye najiuliza nakumbuka nini. Ya hovyo inaniachia ukungu. Hii imeniachia vivuli, manyoya ya gauni la A, kinanda kile cha kanisani kinachosumbua masikio (hicho sikipendi mpaka leo), na njiti.

Njiti nimeziweka mwisho makusudi, kwa maana kitendawili cha kweli kimo, na hakuna aliyekigombania. Ule mchezo wa M: safu nne za njiti za kiberiti, moja, tatu, tano, saba. Wawili wanacheza kwa zamu, unatoa unazotaka kutoka safu moja, na atakayebaki na ya mwisho ameshindwa. M anasema anaweza kushindwa, ila hashindwi. Wanaomzunguka wanabuni sababu, mmoja anadhani aanzaye ndiye mshindi. Ni kinyume chake. Kwa mpangilio ule, anayecheza wa pili akiijua hesabu hashindwi kamwe. Jibu lipo, limekamilika, linaweza kuandikwa ubaoni.

Nimekuja na njiti kumi na sita, hizi hapa mezani. Kabla ya maswali, nani anacheza nami? Karibu, dada. Anza wewe.