Anguko Lisilotokea Halina Risiti

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumzie pesa za kaunsili, yaani serikali yetu ya mtaa. Najua wengi wetu tukisikia neno hilo tunakumbuka bili ya kodi inayodondoka mlangoni kila mwaka. Leo tuiangalie kodi hiyo inavyotakiwa kumfaa mtu mzima dhaifu kabla hajaanguka bafuni.

Nasema kabla. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, inayotumika hapa England tangu Aprili 2015, kifungu chake cha 2 kinazitaka kaunsili zitoe au zipange huduma za kuzuia, kuchelewesha au kupunguza haja ya matunzo. Ni wajibu. Hakuna anayetufanyia hisani.

Huduma zenyewe ni vitu vidogo. Kishikio ukutani karibu na choo. Ukumbi ambamo wazee wanakunywa chai kila Jumanne, na yule anayebandika birika ndiye anagundua kwamba fulani haonekani wiki ya pili sasa. Miaka yote niliyofanya kazi hii ya kuhudumia watu majumbani, mtu wa birika amegundua mengi kuliko sisi wenye sare.

Kuna mama mmoja wa Mombasa niliyekuwa nikimhudumia. Kwa miezi alikuwa anaoga kwa beseni jikoni, anaogopa kuvuka ukingo wa bafu. Nilipomuuliza mbona hakusema, akanijibu, "Mwanangu, sitaki kuwa mzigo." Alichohitaji ni ubao wa kukalia na kishikio kimoja. Na kanuni ziko wazi: vifaa vya kusaidia, na marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000, havitozwi hata kama una akiba benki. Kadhalika huduma ya kumrudishia mtu uwezo wake baada ya kuugua, bure hadi wiki 6.

Sasa mbona birika la Jumanne limezimwa mitaa mingi? Mwaka 2003 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Supporting People, pauni bilioni 1.8, zilizotengwa kwa msaada wa namna hii: wazee, wagonjwa wa akili, wanawake waliokimbia vipigo, watu wasio na makazi. Mwaka 2009 kufuli likaondolewa, kaunsili zikawa huru kuzitumia kwingine. Mama yeyote humu aliyewahi kuweka ada ya shule na pesa ya sokoni kwenye pochi moja anajua kilichofuata. Halafu ikaja miaka ya kubana matumizi.

Kaunsili hairuhusiwi kupanga bajeti yenye pengo. Ikielemewa, mkuu wake wa fedha hutoa notisi ya kifungu cha 114 cha sheria ya mwaka 1988, kama ilivyotokea Birmingham Septemba 2023, na matumizi mapya yasiyolazimishwa na sheria husimama. Basi sikilizeni mtego ulipo. Mtu akishatathminiwa na kuonekana anastahili matunzo, haki ile ni yake yeye binafsi. Wajibu wa kuzuia ni wa jumla. Sheria haisemi chai iwe Jumanne wala iwe ya wangapi. Mkasi ukitolewa unaanzia hapo. (Methali ya ufa na ukuta mnaijua, siirudii.)

Tena aliyevunjika nyonga yumo kwenye hesabu, asiyevunjika hayumo. Niliwahi kukaa kikao kimoja kutetea kikundi cha wazee, nikaambiwa, "Thibitisha kwamba wangeanguka." Nilibaki mdomo wazi. Siku hizi naenda na daftari: nani alikuja, nani hakuonekana, nani alifuatwa nyumbani akakutwa na nini. Ninyi wenye vikundi, anzeni kuandika, maana bajeti hupitishwa kati ya Februari na mwanzo wa Machi, na kabla ya hapo kaunsili nyingi huuliza maoni ya wakazi.

Na mtu asikwambie hustahili hata kutathminiwa. Kifungu cha 9 cha Sheria ile ya Matunzo kinakupa tathmini bila kuangalia kipato chako wala ukubwa wa tatizo lako. Binti anayemtunza mamake naye ana yake, kifungu cha 10. Ukihitaji mkalimani, sema mapema unapopiga simu.

Fomu ziko mezani pale. Naam, mama wa nyuma, nimeuona mkono.