Karatasi za Footscray

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Footscray, mtaa wa viwanda magharibi mwa Melbourne, na mchezo wenyewe ni mpira wa Australia, ule wa mpira wenye umbo la yai, ambao wenyeji wanauita futi. Kaka Kombo alipendekeza mada, nikadhani tutazungumzia wachezaji. Kumbe anataka karatasi.

KOMBO: Karatasi, dada Zuhura. Mkute mshabiki aliyeanza kwenda uwanjani enzi klabu ya Western Bulldogs ikiitwa Footscray, mwambie akuonyeshe alichobaki nacho. Atakuonyesha vikombe gani? Tangu klabu iingie ligi kuu mwaka 1925, ubingwa ni mara mbili tu, 1954 na 2016. Kwa hiyo atakuletea boksi. Ndani mna vijarida vya mechi vilivyojazwa kwa penseli, kipande cha bango kilichochanika, na pengine stakabadhi ya mchango wa 1989.

ZUHURA: Basi tufungue boksi. Kijarida kwanza.

KOMBO: Kinaitwa Football Record, kinauzwa uwanjani tangu 1912. Ndani mna majina ya wachezaji wa timu zote mbili, namba zao za jezi, na jedwali tupu. Hilo jedwali ndilo linalotuhusu. Mshabiki makini alikuja na penseli, si kalamu ya wino. Melbourne wakati wa baridi mvua haina adabu, na wino ukilowa hesabu yote inageuka doa la bluu.

ZUHURA: Tuwaelekeze wasikilizaji namna ya kujaza, maana hapa wengi hupotea. Kila upande wa uwanja una milingoti minne, miwili mirefu katikati na miwili mifupi kando, haina mtambaapanya juu. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya miwili mirefu bila kuguswa, ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, au ukigonga mrefu, ni bihaindi, pointi 1.

KOMBO: Na mwamuzi wa goli anatoa ishara kwa bendera. Bendera mbili ni goli, moja ni bihaindi. Zamani alivaa koti jeupe na kofia, utafikiri muuza nyama anayekwenda harusini. Sasa kwenye jedwali unaandika magoli, nukta, bihaindi, halafu jumla kwenye mabano. Fainali ya 1954, Footscray 15.12 (102), Melbourne 7.9 (51). Kumi na tano mara sita ni 90, ongeza 12, unapata 102.

ZUHURA: Mara mbili kamili ya mpinzani. Jack Collins wa Footscray peke yake alifunga magoli 7 siku ile.

KOMBO: Na Charlie Sutton alikuwa nahodha na kocha kwa pamoja. Sasa kosa la wanaoanza: mchezo una robo nne, na jedwali linataka jumla ya tangu mwanzo, si ya robo peke yake. Umefunga 4.3 robo ya kwanza na 2.1 robo ya pili? Kwenye mstari wa pili andika 6.4, usiandike 2.1. Ukikosea hapo, mwisho wa mchezo karatasi yako inasema timu imefungwa, na wenzako wanaimba wimbo wa ushindi.

ZUHURA: Tena usihesabu magoli tu ukadhani umemaliza. Chukua nusu fainali ya 1997. Adelaide 12.21 (93), Bulldogs 13.13 (91).

KOMBO: Ah, dada. Umekwenda kwenye kidonda moja kwa moja.

ZUHURA: Si hesabu? Bulldogs wamefunga magoli mengi zaidi, wamefungwa kwa pointi 2. Bihaindi 21 za Adelaide, zile ambazo watu huzicheka kama mipira iliyopotea, ndizo zilizowapeleka fainali.

KOMBO: Na siku hiyo hiyo Tony Liberatore wa Bulldogs alipiga, akaanza kushangilia, mwamuzi akainua bendera moja. Nenda leo Footscray, taja tu "ile ya Libba", utakaa hapo mpaka chai ipoe. Ukiitazama karatasi ya siku ile, huoni ugomvi wowote. Kuna alama moja ndogo upande wa bihaindi, basi.

ZUHURA: Kuna hila moja ya kijarida ambayo wa kizazi cha simu hawaijui. Zile herufi.

KOMBO: Ehee! Enzi za timu 12, mechi zote sita zilichezwa Jumamosi mchana, saa zile zile. Mshabiki anataka kujua kwingine kunaendaje. Ubao wa matokeo ulionyesha matokeo ya viwanja vingine, lakini haukuandika majina ya timu. Uliandika herufi. A hii, B ile. Ufunguo wa herufi ulikuwa ndani ya kijarida, na ulibadilishwa kila wiki.

ZUHURA: Kwa hiyo bila kununua kijarida unaona B inaongoza C kwa pointi 20 na hujui ufurahi au ulie.

KOMBO: Biashara hiyo, mtu alikaa akaifikiria. Njia ya kukwepa ilikuwa redio ndogo ya betri sikioni, au kuchungulia cha jirani. Jirani naye anakifunika kwa kiganja.

ZUHURA: Tutoke kwenye kijarida. Bango, maana hapo ndipo kazi ilipo.

KOMBO: Wasikilizaji, kabla ya mchezo timu huingia uwanjani kwa kupasua bango kubwa la karatasi ya krepu, ile yenye mikunjo midogo tunayopambia kumbi za harusi. Linatengenezwa na kikosi cha washangiliaji, watu wa kujitolea, usiku mmoja au miwili katikati ya wiki, kwenye ukumbi wenye sakafu pana. Jumamosi linaishi dakika chache, kisha linapasuliwa. Wiki ijayo wanaanza upya.

ZUHURA: Hapa tuwape vipimo. Krepu ya kawaida ni upana wa sentimita 50, urefu mita 2 na nusu. Tuseme tunataka bango dogo, mita 5 kwenda juu na karibu 10 kwenda kando. Ya ligi ni makubwa zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Karatasi zipishane sentimita 5. Safu 11 zinakupa mita 5 kamili kwenda juu, na kila safu ina karatasi 4. Hizo ni 44 za mwili. Za herufi ongeza 15 au zaidi, kutegemea maneno.

KOMBO: Na zilazwe kwa upana, zisisimamishwe. Sababu ni kwamba krepu inavutika upande mmoja tu, kwa urefu wake. Ukiisimamisha, bango likinyanyuliwa uzito wake wenyewe unalivuta chini. Herufi ulizobandika zinalegea, "BULLDOGS" inaonekana kama imeyeyuka juani. Ukiilaza, mvutano unakwenda kando, na kando kuna milingoti ya kuushika.

ZUHURA: Selotepu sasa.

KOMBO: Selotepu ndiyo mifupa. Mbele hupaki, itang'aa na kuharibu maandishi. Nyuma unapita kwenye kila kiungo, halafu unachora miraba ya selotepu nyuma nzima, kama nyavu. Pembezoni unapita mara mbili au tatu, maana huko ndiko kamba zinakofungwa. Katikati tu, mahali wachezaji watakapopita, unaacha mstari wa wima bila selotepu.

ZUHURA: Huo mstari ukisahauliwa?

KOMBO: Nahodha anafika mbio, anagonga, bango linamrudisha nyuma kama samaki kwenye jarife. Watu elfu 20 wanatazama. Kwa hiyo kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, kupitisha kidole kwenye ule mstari kabla bango halijaviringishwa.

ZUHURA: Na kwa Footscray adui mkubwa hakuwa mstari, alikuwa upepo. Uwanja wao, Western Oval, ulisifika kwa upepo. Nahodha akishinda kura ya sarafu anauchukua upepo robo ya kwanza bila kufikiri mara mbili, maana magoli mengi yangefungwa upande mmoja. Sasa fikiria umeshika tanga la karatasi katikati ya hali hiyo.

KOMBO: Tanga ndilo neno. Wavuvi wa Pwani wangewafundisha kitu. Kila mlingoti una kamba mbele na nyuma, na watu wa kamba lazima wasikilizane: upepo ukisukuma, wa mbele anashika, wa nyuma anaachia. Wote wakivuta kwa hofu, bango linapasuka katikati kabla timu haijatoka chumbani. Dawa ni kutolinyanyua mapema. Milingoti ibaki chini, bango limekunjwa, mpaka wachezaji waonekane mlangoni.

ZUHURA: Mvua?

KOMBO: Mvua haina dawa. Rangi za klabu ni nyekundu, nyeupe na bluu, na krepu ikilowa inatoa rangi. Nyekundu inatiririka kwenye nyeupe, na anayepita wa kwanza anaingia mchezoni na mabega ya waridi. Unalifunika kwa nailoni mpaka dakika ya mwisho, ndicho unachoweza.

ZUHURA: Skafu nayo ina tatizo hilo hilo. Za zamani zilifumwa nyumbani, sufu ya unene wa kati, sindano za milimita 4, gramu 200 hivi zinatosha kwa urefu wa mita moja na nusu. Ukifua kwa maji ya moto, mistari myeupe inageuka. Maji baridi, usiloweke, kausha kwa kulaza. Ukiitundika inarefuka mpaka inaburura chini.

KOMBO: Sitasema mengi kuhusu pai ya nyama, kila mtu anaisema. Moja tu: mfuko wa karatasi usiutupe, shikia pai humo humo, na ng'ata kona ndogo kwanza mvuke utoke. Mchuzi wa ndani unakaa wa moto muda mrefu kuliko unavyodhani. Wasiosikia wanaonekana kwa madoa kwenye makoti.

ZUHURA: Na upande wa kusimama, ule wa nje usio na viti, watu walipanga makopo matupu ya bia wakasimama juu yake ili waone. Pale Western Oval ubavu huo ulikuja kuitwa kwa jina la Doug Hawkins, aliyeichezea Footscray mechi 329.

KOMBO: Mchezo ukiisha, uzio ulikuwa wazi. Watoto na baba zao waliingia uwanjani kupigiana mpira mpaka giza. Hiyo haikuwa na karatasi, ndiyo maana haimo kwenye boksi.

ZUHURA: Stakabadhi ya 1989 imo. Tuieleze.

KOMBO: Oktoba 1989 ilitangazwa kwamba Footscray, iliyokuwa na madeni, itaunganishwa na Fitzroy iwe timu moja, Fitzroy Bulldogs. Washabiki wakagoma. Mmoja wao, Irene Chatfield, akaipeleka ligi mahakamani, na wakapata muda mfupi wa kuchangisha. Peter Gordon, mwanasheria, akaongoza kampeni. Ndani ya wiki tatu hivi zikapatikana zaidi ya dola milioni 1. Makopo yalizungushwa mitaani, viwandani, milangoni, watu wakajaa uwanjani kwa mkutano.

ZUHURA: Kwa sarafu, hasa. Ndiyo maana kipande kile cha karatasi, ambacho kwa mtu mwingine ni takataka, kinakaa juu ya vijarida vyote. Fitzroy wenyewe hawakubahatika. Mwaka 1996 walicheza mechi yao ya mwisho kwenye ligi, wakaunganishwa na Brisbane.

KOMBO: Na uwanja ule, ambao tangu 1995 unaitwa Whitten Oval kwa heshima ya Ted Whitten, mchezaji wao mashuhuri, ulipokea mechi yake ya mwisho ya ligi ya wanaume mwaka 1997. Siku hizi ukipita Footscray utasikia Kivietinamu na Kiamhari sokoni, na timu inacheza mjini chini ya paa. Upepo umebaki wenyewe.

ZUHURA: Halafu 2016. Wamemaliza nafasi ya 7, wakapita mechi za mtoano moja baada ya nyingine, tarehe 1 Oktoba wakaifunga Sydney 89 kwa 67. Na kwenye kikosi, Tom Liberatore, mtoto wa yule wa bendera moja.

KOMBO: Kocha Luke Beveridge akamwita jukwaani Bob Murphy, nahodha aliyekuwa majeruhi, akamvisha medali yake mwenyewe. Kijarida cha siku ile wengi walikinunua viwili, kimoja cha kujaza na kimoja cha kuacha safi.

ZUHURA: Sasa wenye maboksi. Vinatunzwaje?

KOMBO: Adui wa kwanza ni pini. Pini za chuma za vijarida vya zamani zinapata kutu, na kutu inakula karatasi kuanzia katikati. Fungua miguu ya pini kwa kisu butu kwa ndani, itoe, fungia kwa uzi wa pamba. Adui wa pili ni selotepu, yule yule rafiki wa bango. Gundi yake baada ya miaka inageuka kahawia na kupenya upande wa pili, kwa hiyo ukurasa uliochanika usiubandike. Uweke ndani ya bahasha. Vilazwe, visisimamishwe, mbali na dari lenye joto na sakafu yenye unyevu.

ZUHURA: Na kipande cha krepu?

KOMBO: Peke yake, katikati ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Nyekundu isigusane na kijarida hata siku moja. Unyevu kidogo tu wa mkono, rangi imehama.

ZUHURA: Na yule aliyekosea hesabu ya robo ya pili, akaandika 2.1 badala ya jumla? Afute sasa?

KOMBO: Aa, hapana. Iache hivyo hivyo.