Kilo zikitoka, zisirudi

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama na vijana wa Ngamiani hapa Tanga.

Juzi mzee mmoja alikuja kliniki ya kisukari akanionyesha mkanda wake, tundu jipya amelitoboa kwa msumari. Kapungua kilo 8. Nikampa hongera, kisha nikamwambia, "Mzee wangu, kazi ndiyo inaanza." Akanitazama kwa mshangao.

Nilikuwa na maana hii. Mafuta yakizidi hayaishii kitambini, huingia mpaka ndani ya ini. Ini la namna hiyo halisikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari. Linamwaga sukari kwenye damu usiku kucha, wewe umelala. Mtu anaamka na sukari 9, iko juu, anaapa jana alikula kipande cha muhogo tu. Hasemi uongo! Mafuta mengine huingia kwenye kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, nalo likazidiwa.

Uzito ukishuka, mafuta ya ini huwahi kupungua. Mtu wa kilo 90 akitoa hata kilo 5 au 6, sukari na presha huanza kutulia. Uingereza walijaribu kuwapunguza uzito wagonjwa waliougua kisukari cha aina ya pili kwa chini ya miaka 6, matokeo yakatoka 2017. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walimaliza mwaka sukari ikiwa chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Lakini miaka ilivyokwenda, waliorudisha kilo wengi wao sukari iliwarudia.

Na kilo hurudi kwa sababu mwili unazitaka. Ukikonda, njaa huzidi na mwili hubana matumizi. Msimcheke aliyenenepa tena, si mzembe.

Basi tujipange kwa miaka. Tanga ni mji wa baiskeli, lakini siku hizi mtu anatoka barabara ya 8 kwenda ya 11 kwa bodaboda. Inaniuma. Toeni baiskeli uani. Wali wa nazi uwe ngumi moja, mchicha ujaze nusu ya sahani. Kila Ijumaa panda mizani, andika kwenye daftari. Ukiona kilo 2 zimerudi, njoo mapema, usisubiri ziwe 10.

Ila mnaochoma insulini au kumeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, msibane chakula kabla hatujatazama dozi. Sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka njiani.

Yule mzee nimemwomba asilizibe tundu la zamani. Likianza kumwita, aje anione.