Kufundisha Saketi za Umeme kwa Kipakatalishi Kimoja Bila Intaneti Darasani

Hamjambo, walimu wenzangu. Nimesimama katika darasa la sekondari ya msingi nje kidogo ya mji wa Kisumu, upande wa Ahero, nikiwa na kipakatalishi kimoja, projekta moja na ukuta uliopakwa chokaa. Hakuna intaneti hapa, wala hatutaihitaji. Katika video hii nitawaonyesha namna ya kufundisha saketi za umeme, yaani njia kamili ambazo umeme huzunguka kutoka kwenye betri na kurudi, kwa kutumia maabara ya skrini, programu ya kuigiza majaribio, ambayo utakuwa umeipakua mapema, na namna ya kuitumia ili wanafunzi wafikiri badala ya kukodoa macho tu. Mtaona kwamba hakuna mwanafunzi anayeonekana katika video hii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha zake zikiwemo, kwa hiyo nimeielekeza kamera ukutani.

Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani au mjini, mahali penye mtandao mzuri. Fungua kivinjari, uitafute tovuti ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Humo mna maabara nyingi za skrini za fizikia, kemia, hisabati na biolojia, zote bila malipo, na baadhi yake zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Tafuta ile inayoitwa Circuit Construction Kit: DC. Usibonyeze alama ya kuicheza. Bonyeza mshale unaoelekea chini, ambao ndio wa kupakua. Utapata faili moja tu, ya megabaiti chache, ambayo bando dogo linaitosheleza. Ihifadhi kwenye kipakatalishi, kisha uweke nakala nyingine kwenye flashi.

Sasa zima Wi-Fi kabisa, halafu uifungue faili hiyo kwa kubofya mara mbili. Ikifunguka na vifaa vikasogea, uko tayari. Msiidharau hatua hii. Mwaka mmoja niliingia darasani nikiwa na kiungo cha tovuti tu, nikijiamini, data ikaisha papo hapo, na wanafunzi zaidi ya hamsini wakakaa wakitazama kiduara kikizunguka ukutani hadi kengele ikalia. Tangu siku hiyo, kitu ambacho sijakifungua nikiwa nimezima mtandao sikihesabu kuwa ninacho. Ukitumia simu au kishikwambi badala ya kipakatalishi, chagua faili ifunguliwe na kivinjari, kwa sababu programu nyingine za kutazamia faili huacha skrini ikiwa nyeupe.

Tukija darasani, mambo ni machache. Jua la huku kwetu ni kali na picha ya projekta hufifia, kwa hiyo tumia ukuta ambao mwanga wa dirisha haupigi moja kwa moja, na funika dirisha la karibu kwa leso mbili nzito. Chaji kipakatalishi usiku, maana stima inaweza kupotea bila kubisha hodi. Projekta ikizimika, bado unaweza kuwaita wanafunzi kwa makundi wakaizunguka skrini ndogo. Maabara hii haitegemei sauti, jambo ambalo ni baraka katika darasa la mabati, kwani mvua ya alasiri ikianza kunyesha hakuna video itakayosikika. Ila mvua hiyo ikija na radi, kama ilivyo kawaida kuanzia hapa hadi Kakamega na Kisii, chomoa nyaya ukutani na uendelee kwa betri.

Tuingie katika somo lenyewe, na hapa nitakwenda polepole.

Tazameni skrini. Nimechagua sehemu ya kwanza kati ya mbili zilizopo, ile ya utangulizi. Upande wa kushoto kuna kisanduku cha vifaa: nyaya, betri, balbu, swichi na vinginevyo. Ninaiburuta betri hadi katikati, kisha balbu, kisha nyaya. Ncha ya waya ikikaribia ncha ya kifaa kingine huungana yenyewe. Angalieni balbu vizuri: ina ncha mbili, moja chini kabisa na nyingine ubavuni. Wanafunzi wengi huunganisha nyaya zote mbili kwenye ncha ya chini, balbu isiwake, nao wakadhani imeungua. Waacheni wakosee hapo, kwa kuwa ndipo wanapoelewa kwamba mkondo, yaani mtiririko wa umeme, lazima uipitie balbu uendelee na safari, si kuingia tu. Ninaongeza swichi, lakini siifungi bado; kuifunga ni kuunganisha njia ili umeme upite, na kuifungua ni kuikata.

Kabla ya kuifunga, waulize wanafunzi kitakachotokea na uwaambie waandike jibu kwenye daftari. Si kusema, kuandika; akisema, atabadilisha maneno baada ya kuona jibu, lakini alichokiandika kitamsubiri. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko kifaa chochote. Mwalimu anayebonyeza kwanza na kueleza baadaye amegeuza maabara kuwa sinema.

Ninaifunga swichi. Balbu inawaka, na chembe ndogo za buluu, ambazo ni elektroni, zinatembea ndani ya waya. Sasa ninaleta amita, kipimo cha mkondo, ile yenye duara la kulengea, na kuiweka juu ya waya. Inasoma ampea 0.90. Betri ni ya volti 9 na ukinzani wa balbu, yaani kiasi inavyozuia mkondo, ni omu 10, kwa hiyo mwanafunzi akigawanya 9 kwa 10 atapata alichokiona. Mwache agawanye mwenyewe.

Fungua swichi tena, uongeze balbu ya pili kwa mfululizo, yaani katika njia ileile moja. Rudi kwenye daftari na uulize: amita iliyoko kabla ya balbu ya kwanza na iliyoko baada yake, ipi itasoma zaidi? Kila mwaka wengi huandika kwamba ya kwanza itazidi, wakiamini balbu hula umeme na kuiachia ya pili makombo. Ni wazo lenye mantiki, msilicheke. Fungeni swichi, muweke amita moja kila upande. Zote mbili zinasoma 0.45. Mkondo haukupungua njiani; umepungua kwa saketi nzima, kwa sababu ukinzani sasa ni omu 20. Mwanga umefifia sana, kwani kila balbu inapata robo tu ya nguvu iliyokuwa ikipata ile moja peke yake. Wape dakika mbili za kubishana kuhusu robo hiyo.

Kisha ziweke balbu zote mbili kwa usambamba, kila moja na njia yake. Kila tawi litasoma 0.90, na waya wa betri utasoma 1.80. Zima balbu moja kwa kukata waya wake, na nyingine itaendelea kuwaka, kama taa za nyumbani.

Baada ya hapo, weka mezani vitu halisi: betri mbili kavu za volti 1.5, balbu mbili za tochi, vipande vya waya. Kundi moja lijenge mfululizo, jingine usambamba. Waambie mapema kwamba namba hazitalingana kabisa na za skrini, kwa sababu waya mwembamba ulio ndani ya balbu halisi huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto, ilhali balbu ya skrini imewekewa omu 10 zisizobadilika. Mwanafunzi akikuuliza ipi ni ya kweli, umefundisha vizuri. Moto mtakaouona kwenye betri ya skrini mkiunganisha ncha zake kwa waya mtupu, huo muache hukohuko kwenye skrini. Asijaribu mtu kwa betri halisi, na soketi ya ukutani isiguswe kamwe.

Ukimaliza, mwachie mwalimu mwenzako nakala ya faili kwenye flashi, kwani kuigawa kunaruhusiwa. Projekta usiichomoe ghafla. Izime kwa kitufe chake, na usubiri hadi feni inyamaze.